Kutoka Kasapa mpaka Luena

Mu miji yetu ya mine watu wengi wanafikiri kama mwanafunzi wa université ni mutu wa kukaa ku kivuli, kalamu mu mufuko, anangojea tu siku ya kuitwa mukubwa. Wakati tunarudia nyumbani wanatuuliza: "Kule munafanyaka nini siku yote?" Basi nitawaelezea siku moja, sawa vile zilikuwa mwaka 2008, wakati nilikuwa ku mwaka wa tatu wa graduat, mu Histoire, ku Université ya Lubumbashi. Kisha nitawaelezea safari ya treni yenye ilifuata.

Kwanza mujue kama majumba yetu yako Kasapa, inje kidogo ya muji. Na Kasapa njo jina la gereza vilevile. Ukimwambia shofere wa taxi, "Ninaenda Kasapa," anakutazama nguo mbele ya kujibu. Ile mizaha tuliizoea.

Siku ilianza saa kumi ya usiku, juu ya maji. Robinet ilitoa maji kidogo mbele ya jua, kisha ikanyamaza. Kwa hiyo bidoni zilipangwa mustari toka usiku, kila moja na alama yake, na mutu akilala sana anakuta bidoni yake imesukumwa nyuma. Chumba chetu kilijengwa kwa watu wawili. Tulikuwa sita. Wawili walikuwa na jina ku karatasi, wengine wine tulikuwa wale wanaoitwa "maquisards", ni kusema wenye kulala bila kuandikwa. Muchana godoro zote zilisimama ku ukuta, ili mutu apate pa kuweka miguu.

Saa moja tulikuwa tumekwisha kukaa mu auditoire, hata kama somo lilianza saa mbili. Mwenye kukawia alisikiliza profesa kupitia dirisha. Silabusi tulinunua moja kwa watu watatu. Tuliikata vipande vitatu, kila mutu kipande chake, na kila siku ya posho tulibadilishana. Hesabu ile ilikuwa nzuri mpaka juma la examen, kwani wakati ule kipande unachotafuta kiko sikuzote kwa mwenzako, na mwenzako ameenda kusoma kwa shangazi yake ku Katuba.

Muchana hatukula. Tulikula mara moja, magaribi: bukari na ndagala, ao bukari na lenga-lenga. Umeme ukikatika tulishuka na mbabula inje, na moshi yote ya Kasapa ilipanda pamoja. Watu sita juu ya sahani moja, hakuna mutu wa kuongea sana. Masomo ya kweli ilianza kisha kula, mpaka saa sita ya usiku, na muchumaa wakati umeme haukurudi.

Sasa, ile bukari ilitoka wapi? Hapa njo ninataka kufika.

Wazazi wangu wanakaa Luena, ku mine ya makaa ya mawe, ku njia ya reli ya kwenda Bukama na Kamina. (Si Luena ya Angola. Iko ingine kule, nayo pia ku njia ya reli, na barua zetu zimekwisha kupata taabu juu ya hiyo.) Kila mara treni ya watu ilipotoka kule, gunia moja ya unga ilifika ku gare ya Lubumbashi na jina langu juu yake, maandiko makubwa ya rangi nyeusi, mukono wa baba. Mu katikati ya unga mama alificha kifurushi cha ndagala. Kijana mumoja wa ku gare alinipigia simu: "Gunia yako iko hapa." Nilienda kuichukua na pusi-pusi. Treni ikipita vizuri, chumba chetu kilikula. Treni ikikosa juma tatu, tulikunywa chai ya bila sukari na tukalala mapema.

Mu mwezi wa saba jina langu lilitoka ku valve, mu orodha ya wale wasiomaliza kulipa feza ya masomo. Bila kulipa, hakuna kuingia mu examen. Baba alikuwa amekwisha kutoka ku kazi toka miaka, na pension mulijua namna ilivyo. Nikaazima feza ya tikete nikaenda ku gare.

Kusema kweli, nilienda Luena na neno lingine mu moyo. Wakati ule kampuni Tenke Fungurume Mining ilikuwa ingali inajenga kiwanda chake, na vijana wa kila pahali walikimbilia Fungurume. Wanafunzi wawili wa promotion yetu walikwisha kwenda. Nilitaka kumwambia baba: niache masomo mwaka moja, nitafute kazi, kisha nitarudi. Ninyi vijana munajua namna ile "kisha nitarudi" inavyosemwa.

Treni ilitangazwa saa kumi na mbili ya magaribi. Ilitoka kesho yake saa nane ya muchana. Tulilala ku gare juu ya mizigo, na watoto walicheza katikati ya watu kama ku uwanja wa kanisa. Profesa alikuwa ametufundisha kama reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, kutokea Rodezia, na kama mwaka 1918 ilifika Bukama, ku Lualaba, na 1928 ikafika mpaka Ilebo. Alituonyesha ku karte kama miji yetu ilifuata reli kama shanga zinavyofuata uzi: Likasi, Kambove, Fungurume, Tenke. Ku karte inaonekana safi. Mu vagoni, ile historia inanuka samaki na makala, na iko na mbuzi mumoja chini ya kiti.

Nilipata pa kukaa juu ya gunia karibu na mama mumoja muzee kidogo, mufanya biashara wa ndagala na unga, mwenye kitambaa cha manjano ku kichwa. Alikuwa anarudia Bukama. Aliniuliza kwanza kama nimekula. Alinipa muhogo. Kisha akanyamaza, kwani wamama wa treni hawapotezi maneno muchana.

Ku Lwisha walipandisha magunia ya makala. Ku Likasi tulinunua mukate kupitia dirisha, na mwenye kuuzisha alikimbia kando ya treni kutafuta feza yake. Kijana mumoja mwenye suruali mupya alikuwa mbele yangu. Naye alikuwa anaenda Fungurume.

"Ndugu, unasoma nini?" akauliza.

"Histoire."

"Histoire haibebe shaba. Shuka na mimi pale. Wanatafuta watu wa kamyo, wa kujenga, wa kila kitu. Wanalipa dolare."

Sikumujibu, kwa sababu maneno yake yalikuwa yangu. Treni ilisimama Fungurume usiku, taa za chantier zilionekana mbali, nyingi kupita taa za Kasapa. Kijana alishuka na sanduku yake. Alinyoosha mukono kupitia dirisha: "Haya, unakuja?" Nilisimama. Yule mama wa kitambaa cha manjano akanivuta ku shati.

"Wapi unaenda? Luena si hapa."

Sikuwa nimemwambia Luena. Nikamuuliza amejua namna gani. Akasema: "Ku gare ulisemeza kontrolere, nikasikia jina lako. Sikukuwa na hakika. Njo weye mwenye gunia?"

Basi ni yeye. Miaka miwili, gunia zangu zote zilikuja mu mizigo yake. Hatukuonana hata siku moja, kwa sababu yule kijana wa ku gare alizipokea. Hakujua kusoma, lakini jina langu alilijua kwa umbo, kama mutu anavyojua mulango wa kwake mu giza.

"Na mama yangu anakulipaka ngapi?" nikauliza.

Akacheka. "Mama yako? Na feza gani? Tulipatana. Besani tatu zikitoka ku shamba yake, moja ni yangu ya muzigo. Mbili ni zako."

"Na yao, nyumbani?"

"Hiyo utamuuliza yeye."

Fungurume ilipita nyuma yetu. Nilikuwa ningali nimesimama.

Ku Tenke tulingoja masaa mengi. Pale reli inajigawa: ingine inaenda Kolwezi na Dilolo, ingine inapanda kwenda Lubudi na kwetu. Mbele ya asubui treni ya mizigo ilisimama kando yetu, ikitoka kule kwetu. Juu ya vagoni kulikuwa watu, na kibaridi kile, wamejifunika magunia. Mama wa Bukama aliwaita kwa majina, wakaitika. Aliniambia: "Leo niko na tikete. Siku zingine niko kule juu pamoja nao. Treni ya batu inakawiaka, ile ya mizigo inapita. Samaki haingojake."

Wasomaji wa leo wanakumbuka Machi 2022. Treni ya mizigo yenye ilitoka Luena kwenda Tenke ilianguka karibu na kijiji cha Buyofwe, mu teritware ya Lubudi. Vagoni zingine ziliingia mu bonde. Watu zaidi ya 70 walikufa. Ku redio walisema "wasafiri wa kujificha". Lile neno lilinikasirisha. Wale niliowaona 2008 hawakujificha. Walikuwa juu kabisa, kila mutu aliwaona, na kila mutu ku njia ile alijua kama chakula chake kinatembea namna hiyo. Ukiwa mwanafunzi wa Lubumbashi ao Likasi, na wazazi wako wako ku mustari wa Luena, Bukama, Kamina, uliza siku moja gunia yako inafikaka namna gani.

Kisha Lubudi, na kiwanda chake cha simenti, jua lilipanda, na saa tano tulifika Luena. Mama wa Bukama aliendelea na safari. Alinitupia kifurushi cha ndagala kupitia dirisha akasema nisimwambie mama yangu kama amenieleza.

Baba aliniuliza kwanza treni ilikuwa na vagoni ngapi, kwani mutu wa mine anapenda hesabu. Mama hakuwa nyumbani. Alirudi magaribi kutoka ku shamba, ng'ambo ya mutoni, mwendo wa masaa mawili, na viatu ku mukono. Tulikula. Nilitazama sahani zao. Bukari yao ilikuwa ya muhogo mutupu.

Kisha kula mama alileta kitambaa kilichofungwa. Feza ya masomo ilikuwa ndani, si yote, lakini ya kutosha kuingia mu examen. Alikuwa ameuzisha mahindi ya musimu wenye kufuata, yale yasiyopandwa bado, kwa mufanya biashara mumoja wa pale, kwa bei ya nusu. Baba alitazama chini. Lile neno langu la Fungurume halikutoka. Mwisho wa mwaka ule bei ya shaba ilianguka mu dunia yote, kazi nyingi za Katanga zikafungwa, lakini siku ile ya Luena hakuna aliyeweza kujua hivyo, na si kwa sababu ya hiyo nilinyamaza.

Nilikaa siku sita kungojea treni ya kurudi. Siku ya tano nilienda na mama ku shamba, na siku ya sita akatoa unga ku sakafu akaanza kupima. Besani ya kwanza akamimina mu gunia yangu. Ya pili akamimina mu gunia yangu. Ya tatu akaiweka kando, akaifunika na sahani, bila kunitazama. Baba alifungua kopo ya rangi. Maandiko ya zamani yalikuwa yamefifia, akayapitia tena moja moja, na ulimi ku meno, kama mutoto wa shule.