Amana ya Jina



Katika mji huu wetu wa Voi, kijana akisema kwamba anataka kula riziki yake mtandaoni, wazazi hufahamu mambo mawili tu. Ama atauza viatu vya mitumba kwa kupiga picha na kuzitandaza kwenye simu, ama atacheza mbele ya kamera ili watazamaji waongezeke. La kwanza twaliombea baraka. La pili twalikohoa. Wiki hii tunapenda kuwaletea barazani mtu wa namna ya tatu, ambaye si wa mji wetu wala wa nchi yetu, lakini habari yake imetukalia moyoni kwa sababu tutakayoieleza.

Maxence Melo Mubyazi ni Mtanzania aliyesomea uhandisi wa ujenzi. Mtu wa taaluma hiyo hutarajiwa kujenga madaraja na majumba. Yeye, akishirikiana na mwenzake Mike Mushi, alijenga baraza. Mwaka 2006 walianzisha jukwaa la mtandaoni la Kiswahili lililoitwa Jambo Forums, na mwaka 2008 likapewa jina linalojulikana hadi leo, JamiiForums. Ndugu zetu wa Taveta wavukao Holili kila wiki kufuata vitunguu na maharagwe hawahitaji kuelezwa ni kitu gani.

Msomaji na akumbuke hali ilivyokuwa mwaka ule. Facebook ndiyo kwanza ilikuwa ikifunguliwa kwa umma, na WhatsApp ilikuwa bado haijazaliwa. Nyaya za baharini zilizoleta intaneti ya kasi zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tukiketi kwenye vibanda vya kompyuta, tukilipa kwa dakika, tukingojea ukurasa mmoja ufunguke kama mtu anayengoja gari moshi lililochelewa Mtito. Kujenga jukwaa la Kiswahili wakati huo, na kutumaini kwamba watu watalipa dakika zao ili wabishane kwa lugha yao wenyewe, kulihitaji imani ya aina yake. Watu walikuja. Walikuja kwa maelfu, wakazungumza siasa, biashara, ndoa, maradhi, na mpira bila shaka.

Bidhaa yake ilikuwa nini hasa? Mwuza viatu huuza viatu. Melo na mwenzake waliweka sokoni kitu kisichoshikika: mwanachama aliingia kwa jina la kubuni, akasema alilolijua, na wenye jukwaa wakaahidi kwamba hawatamtoa. Biashara yote ilisimama juu ya ahadi hiyo. Matangazo, kampuni, wafanyakazi, vyote vilikuja baadaye. Siku ambayo ahadi hiyo ingevunjwa mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, jengo lote lingeanguka, kwa maana nani angeketi tena kwenye baraza ambalo mwenyeji wake husengenya wageni?

Ahadi haikuchukua muda kujaribiwa. Tanzania wakati ule ilikuwa ikitikiswa na kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Jambo hilo lilizungumzwa sana jukwaani. Mwezi huohuo waanzilishi wake wawili walikamatwa, wakahojiwa, kompyuta zao zikachukuliwa, kisha wakaachiliwa. Wengi wetu, tukikabiliwa na mambo kama hayo, tungerudi kwenye uhandisi.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyowapa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji. Barua zikaanza kufika, kila moja ikitaka kujua fulani aliyeandika jambo fulani ni nani. Kampuni ya Melo ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2016 kuvipinga vifungu vya sheria hiyo, lakini haikufua dafu. Tarehe 13 Desemba mwaka huohuo alikamatwa. Alipofikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mashtaka yaligawanywa katika kesi tatu. Mbili zilihusu kuzuia upelelezi, yaani kukataa kutoa taarifa za watu walioandika tuhuma juu ya makampuni ya biashara. Ya tatu ilihusu kuendesha mtandao usiosajiliwa kwa anwani ya Tanzania. Kesi hizo zilikokotwa kwa miaka. Mtu huamka, huvaa shati lake, huenda mahakamani, huambiwa arudi tarehe nyingine. Sisi tulio na jamaa waliowahi kuwa na kesi ya shamba twaijua adhabu hiyo. Haimo katika kitabu chochote cha sheria, nayo humla mtu polepole kuliko faini.

Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipotaka kila jukwaa lipate leseni kwa ada iliyofika shilingi milioni 2 na zaidi za Tanzania, JamiiForums ilifungwa kwa muda. Mwaka 2019 Melo alitunukiwa jijini New York tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari inayotolewa na Kamati ya Kulinda Wanahabari. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi zile, akaamriwa kulipa shilingi milioni 3 au kufungwa mwaka mmoja. Na Septemba 2025 leseni ya jukwaa ilisimamishwa kwa siku 90. Hayo ndiyo maisha ya mjasiriamali huyu: tuzo mkono mmoja, hati ya mashtaka mkono wa pili.

Sasa tuseme kwa nini habari hii imetugusa sisi tusiokuwa na leseni wala kampuni.

Sisi ni nyumba nne za Mwakingali na Sofia, na kwa miaka kadhaa sasa tunalisimamia kundi la WhatsApp la mtaa. Lilianza kwa ajili ya habari za maziko, maana mji wetu ni wa njia panda, watu wake wana jamaa Mombasa, Mwatate, Taveta na hata Moshi, na maiti haingoji. Baadaye zikaingia habari za maji yaliyokatika, za ndovu walioonekana wakishuka kuelekea mashamba ya Sagalla, za binti anayeuza mikate ya sinia wakati wa Ramadhani. Hakuna aliyepanga. Siku moja tulihesabu tukakuta kuna watu wengi humo kuliko wanaojaa safu za Isha.

Katika mwezi mmoja wa mwaka uliopita, mtu wa kundi alituandikia faraghani. Alisema hesabu za sanduku la maziko la mtaa hazijasomwa kwa muda mrefu, na kwamba yeye hawezi kuuliza kwa jina lake kwa sababu ya ujirani. Akaomba tuulize kwa niaba yake. Tulikaa usiku mzima tukilipima neno hilo. Tuhuma ni jambo jingine. Huyu hakumtuhumu mtu, aliuliza swali ambalo kila mchangaji ana haki nalo. Tukaliandika kwa maneno ya upole: kuna ndugu anaomba hesabu zisomwe.

Kabla ya Adhuhuri ya siku ya pili, mzee mmoja tunayemheshimu alikuja nyumbani. Hakupandisha sauti. Aliketi, akanywa kahawa, akasema, "Wanangu, nitajieni jina tu. Sitamfanya lolote. Nataka nimwendee tuzungumze kama watu wazima." Ni vigumu kumweleza mtu wa mbali uzito wa ombi kama hilo kutoka kinywani mwa mtu aliyetuozesha na kutuzikia wazee wetu. Mdogo wetu mmoja alijibu kwa adabu, "Mzee wangu, lau jina lingekuwa letu tungekupa. Hili tumewekewa." Mzee aliiweka kikombe chini, akaaga, na kwa majuma matatu hakutuamkia isipokuwa kwa ishara ya mkono.

Kuna aliyetwambia kwamba tunalea ghiba kwa kuficha jina. Hoja hii si nyepesi, nasi hatutaki kuipita kwa haraka. Dini yetu imetuamrisha kuibainisha habari kabla ya kuipokea, na imelifanya sengenyo kuwa jambo la kuchukiza mno. Jina la kubuni humpa muovu pazia. Katika majukwaa makubwa kama la Melo hupita maneno ambayo hatungependa watoto wetu wayasome, na waliosingiziwa humo nao wana heshima zao, tena wana haki ya kwenda mahakamani. Jukwaa lile lenyewe limelazimika kuweka wasimamizi wa kufuta maneno mabaya, na limeanzisha kitengo cha kuhakiki habari kiitwacho JamiiCheck. Basi pazia halitoshi. Mwenye nyumba ni lazima akae macho. Lakini asemaye kwamba dawa ni kutaja majina yote, na amfikirie mjane anayeishi kwa hisani ya jirani yuleyule anayetaka kumwuliza swali. Tukimtaja, hatauliza tena, wala hatauliza mwingine.

Hesabu zilisomwa hatimaye, Ijumaa moja baada ya sala. Mweka hazina alikuja na daftari lake, akasoma mstari kwa mstari. Fedha zilikuwapo zote ila kiasi kimoja kilichotoka bila jina. Watu walipomkazia macho, alisema kwamba aliwapa watu wa nyumba moja wakati wa msiba uliowakuta na aibu ya madeni, kwa idhini ya wazee wawili, na kwamba hatawataja hata akiondolewa katika kazi hiyo. Wazee wawili walisimama wakathibitisha.

Tulitazamana. Yule tuliyemwuliza maswali alikuwa amebeba mzigo uleule tuliokuwa tumeubeba sisi: jina la mtu aliyemwamini. Yeye alilificha ili kumsitiri mhitaji, nasi tulilificha letu ili kumlinda mwuliza swali, na sote wawili tulitazamwa kwa shaka na watu wema. Jioni ile mwandishi wetu wa faraghani alituletea ujumbe mfupi wa shukrani kwa mweka hazina, akaomba tumfikishie, tena bila jina. Tuliufikisha. Mweka hazina aliusoma, akacheka, akasema bila shaka anamjua ni nani. Hakututajia aliyemdhania, nasi hatukumwuliza.

Tangu hapo mambo mawili yamebadilika. Hesabu za sanduku husomwa kila baada ya miezi mitatu, na kiasi kinachotolewa kwa siri huandikwa kwa alama, kikishuhudiwa na watu watatu. La pili ni letu. Kijana wetu anayesoma chuo alituuliza swali ambalo Melo alikumbana nalo Kisutu: mzee akija na kahawa twaweza kumkatalia, je, akija askari na karatasi ya mahakama? Kenya nayo ina sheria yake ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018. Simu huchukuliwa, na yaliyomo husomwa. Hatukuwa na jibu la kishujaa. Amri ya hakimu si ombi la jirani, na hakuna kati yetu aliyedai kwamba angekuwa na kifua cha yule mhandisi wa Dar es Salaam. Tulichokubaliana ni kidogo zaidi. Mtu akituandikia faraghani, ombi lake hushughulikiwa, kisha ujumbe wake hufutwa kwenye simu zetu zote nne. Kazi hiyo tunaifanya kila Alhamisi baada ya Isha, nyumba moja ikizikumbusha nyingine.