Njia ya Swali

Wanafunzi niliowahudumia kwa sehemu kubwa ya umri wangu niliyajua maandishi yao kabla ya kuzijua nyuso zao. Walikuwa wauguzi wa zahanati, makarani, walimu wa shule za msingi na askari. Watu wenye kazi na watoto, ambao iliwabidi kuitafuta elimu usiku, baada ya mchana wao kwisha kuchukuliwa na wengine. Nami, katika kituo kidogo cha elimu ya masafa mjini Tanga, nilikuwa kiungo baina yao na wahadhiri waliokuwa mbali. Katika miaka hiyo vyombo vya kufundishia vilibadilika mara kwa mara, na kila kilipoingia kipya tuliambiwa kwamba sasa umbali umekwisha.

Kabla ya vyombo vyote hivyo palikuwa na posta. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha kwa njia ya posta tangu miaka ya sabini, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kilianza katika zama zilezile za vitabu vilivyochapwa, kazi zilizoandikwa kwa mkono, bahasha, stempu, na mikutano michache ya ana kwa ana katika vituo vya mikoa. Mwanafunzi wa Handeni aliyekwama katikati ya sura hakuwa na wa kumwuliza usiku ule. Aliandika barua, akaipeleka posta, akangoja. Na kwa kuwa alijua kwamba jibu lingemfikia baada ya majuma, aliandika swali lake kwa uangalifu mkubwa, akataja kitabu na ukurasa, akaeleza alichokifahamu na mahali ambapo ufahamu ulimwacha. Aghalabu nilipozisoma barua hizo niliona kwamba mwandishi alikuwa karibu kulijibu swali lake mwenyewe kabla hajafika mwisho wa karatasi. Hao, hata hivyo, walikuwa ndio wenye subira. Walio wengi hawakuandika kabisa. Kungoja kuliwavunja moyo, wakayaacha masomo pasipo kumuaga mtu, nasi tukajua kwamba wameondoka kwa kuwa kazi zao zilikoma kuja.

Waliotutangulia katika kazi hii walikuwa wamekwisha kuujua ugonjwa huo na dawa yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, yapata watu milioni mbili walipata mafunzo ya afya kwa redio, walakini hawakuachiwa redio peke yake. Walikaa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefunzwa kazi hiyo na kijitabu chake mkononi; wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Faida kubwa ya kampeni ile ilipatikana katika mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa, na lau tungaliikumbuka hekima hiyo mapema, kompyuta zilipokuja tungalizipokea kwa namna nyingine.

Zilipokuja, intaneti yake ilishuka kutoka kwenye setilaiti, ghali na nzito, hata subira ya mtu ikaweza kwisha kabla ukurasa mmoja haujafunguka. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa kupita chini ya bahari, mambo yakaanza kwenda kwa kasi, na baada ya muda chuo nilichokitumikia kikatufungulia darasa la mtandaoni kwa programu iitwayo Moodle. Niliposoma habari za mtu aliyeibuni nilifarijika. Martin Dougiamas, Mwaustralia, aliyeitoa kwa umma mwaka 2002, aliishi utotoni katika jangwa la Australia Magharibi, na masomo yake aliyapata kwa redio ya masafa, kama walivyosoma watoto wengine wa nchi ile waliokuwa baidi na shule. Kumbe aliyekitengeneza chombo hiki aliwahi kuwa mwanafunzi wa mbali, tena alikitilia baraza la majadiliano kwa makusudi, akiamini kwamba mtu hujifunza vema zaidi anapotengeneza kitu ambacho wenzake watakitazama na kukitumia.

Semina tulizowafanyia wanafunzi siku hizo, lakini, zilihusu vitufe tu: hapa unaandika nywila, hapa unapakua somo, hapa unapakia kazi. Walijifunza upesi, na darasa likawa ghala. Waliingia, wakachukua walichokihitaji, wakatoka, na katika baraza la majadiliano palibaki salamu za mhadhiri za kuwakaribisha, pasi na mtu wa kuziitikia. Swali ambalo zamani lilisafiri majuma sasa lingeweza kufika kwa nukta moja, na bado halikuulizwa. Wengine waliona haya kuanika ujinga wao mbele ya watu wasiowajua; wengine waliwahi kuuliza, wakangoja hata muhula ukaisha. Hao wa pili ndio walionifikirisha zaidi.

Ndipo msaada wetu ulipoanza kubadilika. Kwanza tulijifunza kwamba kila kitufe kina dhara lake. Muuguzi mmoja kutoka Pangani aliingia kituoni akiwa na wasiwasi usoni.

"Shikamoo, mwalimu. Kazi nimeituma tangu jana, mbona naambiwa sikutuma?"

"Marahaba, mama. Hebu tuifungue tuione."

Kazi ilikuwapo, bali imekaa kama rasimu, maana aliipakia na asibonyeze kile kitufe cha mwisho cha kuiwasilisha. Tangu hapo tuliwafundisha wanafunzi waurudie ukurasa ule wahakikishe kazi imewasilishwa. Wawasilishe siku moja kabla ya siku ya mwisho, kwa kuwa usiku wa mwisho wote hukimbilia mlango mmoja. Waandike majibu yao mahali pengine kwanza, kwa sababu mtandao ukikatika maandishi huweza kwenda nao. Na wapakue masomo kituoni, au saa ambazo bando ni nafuu, wapate kuyasoma baadaye pasipo mtandao. Haya ni mambo madogo, ila mtu aliyeipoteza kazi ya usiku mzima kwa ajili ya kitufe hupoteza na hamu ya kuandika nyingine.

Kisha tukaja kwenye maoni ya wasahihishaji. Zamani alama na maoni vilirudi katika karatasi ileile, kwa wino mwekundu, na mwanafunzi hakuweza kuiona hii asiyaone yale. Katika darasa la mtandaoni alama huonekana mara moja, ilhali maoni hungoja kufunguliwa. Na wengi wakiiona alama huridhika au huhuzunika, wakaenda zao. Nikashauriana na wahadhiri wawili walionisikiliza, wakaweka sharti kwamba kila kazi mpya ianze kwa sentensi chache za mwanafunzi kueleza aliyoambiwa katika kazi iliyopita na atakavyoyafuata. Sharti hilo, ambalo halikuhitaji mtambo wala fedha, liliwafanya watu wayafungue maoni kuliko semina zetu zote.

La tatu lilikuwa swali lenyewe. Niliwaomba wanafunzi waulize barazani kwa adabu ya barua: wataje walichosoma, waseme walivyokifahamu, ndipo waoneshe walipokwama. Na kwa wale wenye haya niliwaruhusu waniletee swali faraghani, nami niliweke barazani pasipo majina, hata walipoona kwamba wenzao nao walikuwa wamekwama palepale wakaanza kuja wenyewe. Baada ya muda wakajibizana, mwalimu wa Lushoto akimfafanulia karani wa Korogwe, na mhadhiri akaja mwisho kusahihisha.

Mwezi Machi mwaka 2020 vyuo nchini vilifungwa kwa sababu ya korona, na havikufunguliwa hata tarehe mosi Juni. Ghafula wengine wote wakawa wanafunzi wa mbali, na vijana waliozoea ukumbi wa mihadhara walinipigia simu kuuliza yaleyale ambayo muuguzi wa Pangani aliyauliza. Simu janja zilikuwa zimeenea, na makundi ya WhatsApp yalikuwa mepesi kuliko darasa lenyewe. Humo swali lilijibiwa mara, lakini kwa neno moja, au kwa picha ya jibu la mtu mwingine, na kesho yake likazama chini ya salamu na matangazo ya misiba. Sikuyapiga vita makundi hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyowaweka watu pamoja. Niliwasihi tu kwamba swali likijibiwa humo, aliyeuliza aliandike darasani kwa ukamilifu pamoja na jibu lake, ili wa mwaka ujao alikute.

Sasa nimestaafu, na vijana waliopokea kazi yangu wakati mwingine hunijia kuuliza waanzie wapi kuwasaidia wanafunzi wao. Hutarajia niwatajie programu. Huwaambia waanze na ratiba yao wenyewe: watenge saa ya kujibu maswali, waitangaze, na waishike kama wanavyoishika saa ya mtihani. Matumizi ya vitufe mwanafunzi atayapata kwa mwenzake kwa siku moja, lakini kuuliza hatajifunza katika darasa ambalo waliouliza kabla yake hawakujibiwa.