Bildi na Mwangwi

Mvuvi wa Chula, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Somalia, hapotezi muda kuwatafuta samaki. Huulinganisha mnara wa msikiti na mnazi uliojitenga, akajua kuwa chini yake pana mwamba; akitaka uhakika, hutia bildi na kuhesabu pima. Elimu ya namna hii haihamishiki. Vita vya 1991 vilipowatawanya Wabajuni, wengi wakikimbilia Kenya na baadhi wakifika hata Ulaya na Marekani, alama zilibaki na bahari yake.

Mmoja wa waliotawanyika, mzee aliyepita miaka sabini, anaishi Ohio kwa mwanawe, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari hadi Ziwa Erie. Mjukuu wake alinunua boti kuukuu ya alumini, ya futi 14. Aliyetaka iwekewe mashine ya kutafutia samaki hakuwa kijana, kama mtu angedhania, bali mzee mwenyewe. Upande wa magharibi wa ziwa hilo kina ni kama mita 7 tu kwa wastani, maji aghalabu yana tope, na ufuo wake ni mstari mrefu usiomwambia kitu.

"Hapa mimi ni kipofu," alimwambia mjukuu. "Nitafutie fimbo."

Kijana ndiye aliyekifasiri kitabu cha maelekezo, sentensi baada ya sentensi, hadi alipokwama kwenye neno transdusa. Kwanza alisema ni jicho. Babu akauliza jicho gani hilo lionealo ndani ya tope. Ndipo kijana akaeleza kwamba kile kidude kinachofungwa nyuma ya boti hutoa sauti isiyosikiwa na binadamu. Sauti hushuka kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, hugonga chini, kisha mwangwi wake hurudi. Katika kina cha mita 7, safari nzima, kwenda na kurudi, huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde.

"Basi si jicho," alisema babu. "Ni mdomo na sikio." Mfasiri wa kazi angeweza kuhangaika wiki nzima asilipate bora ya hilo.

Adui wa sikio hilo ni hewa. Povu likipita chini yake, mashine hubaki ikiona wingu. Kwa hiyo kidude hakifungwi nyuma ya safu ya ribiti wala nyuma ya mbavu za boti, maana hapo ndipo maji yanapochafuka chombo kikienda. Hukaa mbali na rafadha, sentimita 38 hivi au zaidi, na mara nyingi upande wa kulia, ambako rafadha nyingi husukuma maji kwenda chini. Ajabu ni kuwa hewa hiyohiyo ndiyo inayomfichua samaki: sehemu kubwa ya mwangwi wake hutoka katika kibofu cha hewa kilicho tumboni mwake.

Ikabaki kutoboa, na hapo mjukuu aliogopa. Bati la alumini ni jembamba, na tundu likishatobolewa limetobolewa.

"Nikikosea, babu?"

"Funga ubao kwanza. Ukikosea, kosea ubaoni."

Kitabu nacho kilishauri vivyo hivyo: kibao cha plastiki kifungwe nyuma ya boti kwa skrubu chache zilizo juu kadiri iwezekanavyo, na kidude kifungwe kwenye kibao, kiweze kupandishwa na kushushwa. Shaba ilikatazwa kabisa, kwani ikigusana na alumini majini, alumini huliwa. Chuma kisichoshika kutu kilikubaliwa, nacho kwa sharti kila tundu lijazwe gundi ya boti. Ile silikoni ya nyumbani inayonuka siki haifai. Asidi yake hula alumini pia. Mzee, aliyekulia kwenye pamba ya kalafati na sifa ya papa, aliinusa mirija yote miwili kabla ya kuruhusu mmoja utumike.

Ziwani, injini ilipozimwa, mashine ilionyesha mita 6.9. Babu akatoa uzi wenye kipande cha risasi, akautumbukiza hadi ukalegea, akaushika kwa vidole pale ulipogusa uso wa maji. Walipoupima, ulikuwa mita 7.1. Kijana akaanza kuilaumu gundi, kisha kibao, kisha duka. Mzee aliinama nyuma ya boti, akatia mkono majini, akapima kutoka juu ya maji hadi kwenye uso wa kidude: shubiri moja, pungufu kidogo.

"Inahesabu kutoka hapo ilipo," alisema. "Iongezee shubiri."

Kijana alitafuta mahali pa kuandika shubiri, akaingiza sentimita 20. Babu alikuwa ameshaanza kutia chambo.