Tungojane Mezani

Mara tatu sasa tumekwenda kukaa Jumamosi na Jumapili katika mtaa mmoja juu ya Mlalo, kwenye milima ya Usambara. Sisi ni mchungaji anayefundisha chuo cha theolojia, pamoja na mke wake. Mchungaji wa usharika ule ana mitaa mingi, naye hutuomba tumsaidie kupeleka Chakula cha Bwana. Mwinjilisti huhubiri na kufundisha kila Jumapili, lakini sakramenti humngoja mchungaji.

Basi hutushusha Mombo, penye joto. Kutoka hapo gari dogo hupanda kona baada ya kona, likipita Soni na Lushoto hadi Mlalo, ambako wamisionari wa Betheli walianza kazi mwaka 1891. Kutoka Mlalo ni miguu. Rafiki yetu hutungoja chini ya mlima, na kila mara kitu cha kwanza kukichukua ni lile sanduku dogo lenye kikombe, mkate na divai. "Mchungaji, hili niachie mimi," husema, akaliweka begani, wala hakubali kupokezana.

Kwake ndiko tunakolala. Jumamosi ya safari hii ya mwisho, mwezi wa Julai, ukungu ulishuka mapema nasi tukaketi jikoni kuzunguka moto. Mama mwenye nyumba alisonga bada, akapakua maharage na mchunga, kisha akaleta nyama ya jogoo tuliyemsikia akiwika tulipofika. Tulimwambia asijisumbue.

"Mama Mchungaji, mgeni siku mbili," alijibu. "Jembe mtapewa mkikaa ya tatu."

Tulicheka, tukala wote pamoja, sisi, wao, watoto wao na mwinjilisti.

Jumapili kanisa lilijaa. Aliye madhabahuni haoni waliobaki nyuma. Huona mikono iliyo mbele yake. Kati yetu wawili, aliyekaa kwenye benchi ndiye aliyeona. Zamu ya safu yao ilipofika, mama yule alisogeza magoti ili mgeni wake apite, naye akabaki ameinamisha kichwa. Upande wa wanaume, aliyebeba sanduku alibaki pia.

Baada ya ibada ulifanyika mnada wa sadaka za mazao: viazi, karoti, mayai. Rafiki yetu alinunua kabichi mbili kwa bei ambayo sokoni angepata nne, akatutilia kwenye mfuko wetu.

Mchana tulikula tena kwake. Watoto walipotoka, tuliuliza. Palikuwa kimya kidogo. Kisha alisema wameishi pamoja miaka 19 bila ndoa ya kanisani. Mahari alimaliza zamani, kwa mafungu. Kilichobaki kilikuwa fedha za harusi: suti, shela, chakula cha ukoo mzima. "Tulisema mwaka huu, tukasema mwaka ujao. Watoto wakaanza shule."

Mkewe aliongeza bila kuinua uso, "Mmekuja mara tatu. Tulidhani mnajua."

Hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Chuoni tunafundisha Wakorintho wa Kwanza, sura ya 11. Tunakaa sana juu ya mtu kujihoji kabla ya kula, kisha tunapita haraka mwisho wa sura, pale Paulo anapowaagiza wanaokutana kula kwamba wangojane. Kule Korintho wenye chakula walishiba na wasio nacho wakaaibika. Sisi tulishiba mara tatu mezani kwao, nao wakabaki na njaa ya meza tuliyowaletea.

Hatusemi kwamba utaratibu wa kanisa juu ya ndoa ni mbaya. Lakini lazima awepo wa kuwaambia watu kwamba ndoa hubarikiwa kwa tangazo kanisani na mashahidi, si kwa shela. Sisi tulioota moto wao tulipaswa kulisema tangu safari ya kwanza. Tuliwaambia siku ile, tukaomba ruhusa ya kuzungumza na mchungaji wao.

"Ndugu zangu watasema nimeoa kama mwizi," alisema rafiki yetu.

"Ndugu zako ndio watakaopiga magoti pale mbele badala yangu?" aliuliza mkewe.

Hakumjibu. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatuambia tuzungumze na mchungaji.

Tumezungumza naye. Wataamua nini bado hatujui, na wao ndio wa kuamua. Jioni ile tulipoteremka alilibeba tena sanduku, sasa likiwa jepesi, maana divai ilikwisha. Tulimwomba tupokezane. Safari hii alikubali, hadi nusu ya njia.

Ee Bwana, uliyekula na watu nyumbani mwao na kuwaita mezani pako, utufundishe kungojana. Amina.