Mlango wa Kwihara

Nilipofika Kwihara, kilometa chache nje ya Tabora, nilidhani nimekwenda kutazama nyumba ya watu wengine. Nikakutana na mlango wa kwetu: mbao zenye nakshi, kama za Mji Mkongwe, zimesimama katika ukuta wa udongo. Bara hapana mawe ya matumbawe. Ukuta ni mnene, na paa la tembe ni tambarare, miti iliyoshindiliwa udongo, kwa ujuzi wa wenyeji.

Tembe hili huitwa la Livingstone. Kumbe lilikuwa la mfanyabiashara Mwarabu. Livingstone alikuwa mgeni, aliyengoja wapagazi hadi Agosti 1872. Jengo la sasa limejengwa upya, na jina la mgeni limebaki.

Marehemu bibi yangu akisema, “Babu yangu aliteremka kutoka Unyamwezi na pembe begani.” Hakusema kama aliichukua kwa ujira au kwa utumwa, nasi hatukumwuliza.

Niliugusa mlango ule kwa fahari, kisha kwa haya. Njia iliyopandisha nakshi zetu bara ndiyo iliyomteremsha yeye pwani, na jina lake halikuandikwa ukutani popote.