Kazi ya Kalamu Nyumbani

Sisi wa kidato cha nne tukiulizwa tutafanya kazi gani baadaye, aghalabu hujibu ualimu, uganga au uaskari. Sijapata kumsikia mtu akijibu kwamba atakaa kwao aandike kwa ujira. Mimi nimeifanya kazi hiyo kwa likizo mbili nyumbani kwetu Majimoto, na niliyoyaona huenda yakamfaa mwenzangu.

Majimoto ni mji mdogo wa mkoa wa Katavi, katika bonde la Rukwa, nao umepata jina lake kwa chemchemi za maji ya moto. Watu wake ni wakulima wa mpunga na wafugaji. Wapimbwe ndio wenyeji, na Wasukuma wamehamia na ng'ombe wao. Haja ya maandishi ni kubwa kuliko mgeni anavyodhani. Kijana anataka barua ya kuomba kazi. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wanataka muhtasari wa mkutano wao. Akija mgeni rasmi, risala yahitajika. Mtu akifariki, historia yake husomwa mazikoni. Wengi wa watu hawa wanajua kuandika, ila hawana nafasi, au hawana mazoea ya kupanga maneno. Steshenari hupiga chapa na kutoa nakala, walakini haimtungii mtu barua.

Basi Desemba iliyopita nilianza. Mtaji wangu ulikuwa karatasi za mistari, kalamu mbili, na benchi la baba chini ya mwembe. Bei yangu ilikuwa shilingi 1,000 kwa ukurasa. Lakini Desemba ni mwezi wa kulima, na mifuko ya watu ni mitupu. Kwa hiyo wengi niliwaandikia kwa ahadi, nikatia majina yao daftarini. Mwezi wa Juni, mpunga ulipokwisha kuvunwa, walinilipa, wengine kwa fedha na wengine kwa mpunga wenyewe. Mwandishi wa kijijini hana budi kuijua kalenda ya shamba, la sivyo atafunga kazi kabla ya mavuno.

Desturi yangu ni hii. Kwanza namwacha mteja aseme yote, nami sishiki kalamu. Kisha namwuliza maswali mawili: Unamwandikia nani? Unataka afanye nini? Nikiisha kuandika, namsomea kwa sauti polepole, na akisema neno si lake, nalifuta. Hapo ndipo hutia sahihi au dole gumba.

Desemba hiyo alikuja mama mmoja mjane. Shemeji yake alikuwa amelima jaruba aliloachiwa na marehemu mumewe, naye alitaka kulipeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji. Mimi si wakili, na nilimwambia hivyo. Lakini somo la uraia limetufundisha kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na kwamba baraza hilo lina wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake, kazi yao ni kupatanisha. Niliandika maneno yake tu: mwaka walioanza kulima, mipaka ya jaruba, na majirani wanaoijua.

Siku ya pili shemeji mwenyewe alikuja jioni. Alinipa noti ya shilingi 10,000, akasema, "Kijana, nipe nakala ya ile barua, nawe niandikie nyingine useme yule hakuwa mke wa ndoa." Nilimjibu, "Shikamoo baba. Barua ile si yangu, na hilo jingine sikuliona wala sikulisikia." Akaiacha noti juu ya benchi, akaenda zake.

Nawaambia kweli, nilipata hofu. Bwana huyo ana mashine ya kukoboa, na mpunga wetu wote hukobolewa kwake. Nikampelekea baba habari. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Karatasi ya mtu ni mali yake. Mrudishie fedha yake usiku huu huu." Nikairudisha. Barua ikasomwa barazani, majirani wakaulizwa, na jaruba likabaki kwa mjane. Sisi nasi, ulipofika Juni, tulibeba magunia yetu kwa baiskeli hadi mashine ya mbali, na mama hakunung'unika hata mara moja. Lakini mwezi huo nilipata wateja zaidi ya wale wa Desemba, na wengi walianza kwa kusema, "Tumesikia kwako maneno hayatoki."

Je, kalamu yaweza kumlisha mtu? Peke yake, mwanzoni, ni shida. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali huku akitunga vitabu vyake. Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma, mkoa jirani na wetu, hakungoja wachapaji tu. Alianzisha kampuni yake ya Heko. Na tangu mwaka 2023 ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10. Njia ipo, ila ni ndefu, na anayeipita heri awe na jaruba lake pia.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuanza, usingoje kompyuta wala ofisi. Tafuta karatasi, weka daftari la hesabu, usiache jembe. Siri ya mteja ishike kama amana, na neno asilolisema usimwandikie, ajapokulipa mara kumi. Watu wanaojua kuandika ni wengi. Anayeaminiwa ndiye anayefuatwa nyumbani kwake.