Unguja, Kisiwa Kilichowapima Watawala kwa Vita

Mji Mkongwe hauhitaji gari. Fika Forodhani kabla ya alasiri, wauza urojo na mishkaki hawajapanga meza zao, uipe bahari mgongo. Kulia kwako ni Ngome Kongwe, mbele yake kidogo Beit al-Ajaib, na kushoto kasri la masultani. Sijui mji mwingine wa pwani yetu ambao habari za watawala wake na vita vyao zimekaa karibukaribu namna hii.

Anza na Ngome Kongwe. Kuta zake za rangi ya hudhurungi, zenye meno juu, zilijengwa na Waomani pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Siku zile mtawala wa Unguja alikuwa mwanamke, Mwana Fatuma. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanzia mwaka 1696, yeye alisimama na Wareno na kuwapelekea chakula kwa njia ya bahari. Mwaka 1698 ngome ikaanguka, naye akachukuliwa hadi Maskati, asirudi kisiwani ila baada ya miaka. Inasimuliwa kuwa nyumba yake ilikuwa hapohapo ilipo Beit al-Ajaib.

Jengo hilo la maajabu lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, na lilikuwa la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Barghash naye aliionja vita kabla ya kuuonja ufalme: mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Alirudi na kutawala kuanzia 1870. Mwaka 1873, chini ya shinikizo la manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Tembea hadi Mkunazini, uone kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa juu ya soko hilo. Sifa za mji huu zisikusahaulishe mahali hapo.

Sasa rudi pwani, utazame bustani iliyo kati ya Beit al-Ajaib na kasri. Hapo palikuwa na Beit al-Hukm. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza. Alipewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 aiteremshe bendera yake. Hakuiteremsha. Manowari tano zilifyatua mizinga, meli yake ya Glasgow ikazama mbele ya mji, na kwa dakika 38 hivi vita vikawa vimekwisha. Watu wapatao 500 upande wake waliuawa au kujeruhiwa.

  Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, na Waingereza hawakumtia mkononi hadi mwaka 1916. Beit al-Hukm haikujengwa tena.

Usiishie mjini. Panda daladala ya njia ya Chwaka, upite mashamba ya minazi na miembe, ushuke Dunga. Hapa ndipo alipokaa Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, ambaye kasri lake lilijengwa katikati ya karne ya 19. Mwinyi Mkuu hakupigana na Sultani Seyyid Said. Walielewana: yeye aliendelea kuwatawala Wahadimu, wenyeji wa kisiwa, na kukusanya kodi zao, na sehemu ya kodi ikaenda kwa Sultani. Kwa njia hiyo cheo chake kilidumu hadi mwaka 1873, alipofariki wa mwisho wao. Leo zimebaki kuta za mawe, matao na kivuli cha miti. Wenyeji husimulia kuwa damu ya watumwa ilichanganywa kwenye chokaa. Kupatana na Sultani, basi, hakukuwa amani kwa kila mtu.

Mwenye siku zaidi ateremke kusini hadi Kizimkazi Dimbani. Kibla cha msikiti wake kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Maandishi hayo yanakumbusha kuwa kisiwa kilikuwa na watu wake, dini yao na mafundi wao kabla ya Mreno, Mwomani na Mwingereza.

Lakini mawe nayo yanachoka. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake, na watu wakafa. Usiahirishe safari hii. Nenda na watoto, lipa kiingilio, mchukue mwongozo mwenyeji wa mji, na umuulize habari za Fatuma kabla hujamuuliza ilipo nyumba ya mwanamuziki Freddie Mercury.